Stesheni ya Detroit ndani ya boksi la viatu, Mji wa Kale

Nilifanya kazi miaka 22 katika ofisi ya vifurushi, stesheni ya reli ya Mombasa, na tangu nilipostaafu nakusanya postikadi za stesheni. Kwa hivyo mpwa wangu aliponambia kuna kijana auza kadi za kale kwenye kichochoro nyuma ya Ndia Kuu, sikungoja kesho.

Duka halina kibao. Utaona mlango wa mbao ulioachwa wazi nusu, meza, feni, na maboksi ya viatu yaliyoandikwa kwa kalamu nene: Zanzibar, Aden, Bombay, Meli. Lililokuwa chini kabisa limeandikwa Detroit, mji wa Marekani. Nikamuuliza limefikaje hapa.

"Ami, hizi zimetoka nyumba moja ya Kuze," akasema. "Mtoto wao alisoma kule, na kila akiona kadi ya zamani alikuwa akiinunua. Wazee wamekufa, nyumba yagawanywa, wakaniita."

Akanivutia kiti, akaniwekea boksi mapajani, akaniacha. Hilo la kuachwa ndilo lililonipendeza kwanza. Nilikaa hapo tangu baada ya Asri hadi Magharibi inakaribia, muuza kahawa amepita mara mbili na birika lake, na hakuna aliyeniuliza kama nanunua au sinunui.

Kadi za zamani zaidi ni za kampuni ya Detroit Publishing, iliyokuwa na makao katika mji huohuo. Hawa walipata haki ya kutumia ufundi wa Uswisi wa kutia rangi: picha ilipigwa nyeusi na nyeupe, kisha rangi zikatiwa kwa mawe ya kuchapia, kila rangi na jiwe lake. Kwa hivyo anga unayoiona, ya samawati huku pembeni imeingia waridi, ni chaguo la fundi wa kiwandani. Nilichukua moja ya Jumba la Manispaa la zamani, lililofunguliwa 1871 na kubomolewa 1961. Chini ya picha mtu ameandika maneno yake kwa wino, herufi zimebanana kama abiria wa matatu. Kijana akanieleza, na ni kweli: Marekani, kabla ya 1907, upande wa nyuma ulikuwa wa anwani peke yake. Salamu ilibidi uzisokote kando ya picha.

Majina na anwani za watu ameyafunika kwa ukanda wa karatasi. Ameubandika ncha mbili tu ili gundi isiguse wino. Sikumbuki kuona adabu hiyo kwa muuzaji mwingine.

Kisha zipo kadi za kitani. Si kitambaa, ni karatasi iliyopigwa mistari midogo, ukipitisha kidole gumba wahisi kama kanzu iliyotiwa wanga. Nyingi zilichapwa Chicago na kampuni ya Curt Teich, na hizo zina siri nzuri kwa mkusanyaji: tazama namba iliyochapwa kwenye kadi. Ikiwa na 5A, ni ya 1935. 3B, ni ya 1943. Nilipata ya jengo la Guardian, lile la matofali ya rangi ya chungwa lililokamilika 1929, na ya duka la Hudson's katika barabara ya Woodward. Duka hilo lilikuwa kubwa mno, na liliangushwa kwa baruti Oktoba 1998. Kwenye kadi bado limesimama, bendera zapepea, rangi zimekolea kupita kiasi. Mafundi wa Teich walikuwa wakifuta nyaya na chochote kilichowakera, basi usizichukue kadi hizi kuwa ushahidi wa kila kilichokuwa barabarani.

Sasa nije kwenye iliyonipeleka. Stesheni ya Michigan Central, ya hukohuko Detroit. Zilikuwa tatu ndani ya boksi, nikazinunua zote. Ilifunguliwa Desemba 1913: mbele ukumbi wa abiria wenye madirisha makubwa ya tao, nyuma yake mnara wa ofisi wa ghorofa 18. Waliolichora jengo hilo ndio waliochora Grand Central ya New York. Treni ya mwisho iliondoka Januari 1988. Miaka 30 jengo likawa gofu, vioo vimevunjwa, wezi wameng'oa shaba. Mwaka 2018 kampuni ya Ford ikalinunua, ikalikarabati, na Juni 2024 milango ikafunguliwa tena. Mtu aliyefanya kazi stesheni hawezi kuitazama kadi hiyo kwa haraka. Nilitafuta mahali ambapo mizigo ingepitia, nikajaribu kukisia ofisi yangu ingekuwa dirisha lipi.

Bei: kadi iliyotumwa, yenye stempu na muhuri, shilingi 300. Safi, 400. Zilizochapwa upya anaziuza 80, tena ameziweka boksi lake peke yake. "Hizi za kale, ami, na hizi za juzi. Usije ukanilaumu." Nililaumu kwingine zamani, nilipouziwa nakala mpya kwa bei ya asili, kwa hivyo nilikwenda na lenzi ya sonara. Kadi za Detroit Publishing za kweli zina chembe zisizo na mpangilio, kama mchanga. Nakala ina nukta zilizojipanga safu. Nilikagua kumi na moja na zote zilikuwa alivyosema.

Aibu yake ni moja, nayo yanikera kwa sababu naipenda mali yenyewe. Kadi amezitia kwenye vifuko vya plastiki vilivyofungwa pande zote, na kwa unyevu huu wetu zinashika. Moja ya Guardian ilipobanduka iliacha kipande cha mwanga wa dirisha kwenye plastiki. Nimemwambia atumie bahasha za karatasi, na asiweke boksi chini sakafuni. Alisikiliza, akaanza kuzitoa palepale. Taa pia ni hafifu. Nendeni baada ya Asri, mlango ukipata jua. Ijumaa hafungui hadi jioni.

Boksi la Mombasa analo, lakini ni Ngome ya Yesu, na Ngome, na bandari ya kale. Stesheni yetu haimo. Tangu 2017 treni za Nairobi zaondokea Miritini, na vijana wanaoingia dukani hawajui kwamba tulikuwa tukiita watu kwa kengele. Nimemwachia namba yangu ya simu. Akiipata kadi ya stesheni hiyo, hata iwe imechanika pembe, asimuuzie mtu kabla hajanipigia.