Karakana ya Mabatini inayotoboa viko

Kwa anayejifunza kuchonga viko vya tumbaku hapa Mwanza, mbao si shida. Shida ni kumpata wa kutoboa. Mashine za kukereza zipo Nyakato, zipo Mabatini, ila mafundi wake wamezoea miguu ya vitanda; ukitaja tundu la milimita 4 lipite katikati ya shina wanakucheka. Karakana ninayoisifia leo, ya huko Mabatini, haina hata kibao cha jina mlangoni, lakini kijana wa pale anajua kutoboa.

Kwanza, haanzi na kukereza. Kipande kikiwa bado cha mraba anakibana kwenye jiliwa, anapiga mistari ya penseli pande mbili, anatoboa bakuli, yaani shimo la kujazia tumbaku (mimi huomba upana wa milimita 20, kina 38 hivi), ndipo anaingia na biti, ile ncha ya kutobolea, ndefu ya tundu la moshi. Anaisukuma kidogo, anaitoa, anapuliza maranda, anairudisha. Ukiilazimisha, biti hufuata nyuzi za mti na kupinda. Nilichungulia ndani kwa tochi ya simu: tundu limetokea chini kabisa ya bakuli, pale pale panapotakiwa. Likitokea juu zaidi, tumbaku ya chini haiungui, inalowa na kubaki chungu, na mvutaji anatema mate mpaka jioni.

Nilimpelekea mninga na mpingo. Mninga ndio chaguo langu: mwepesi, hausinyai sana ukikauka, na michirizi yake ya kahawia inajitokeza vizuri ukipita na msasa namba 400. Vumbi lake linawasha pua, vaa barakoa. Mpingo ni habari nyingine. Huo ndio mti wa klarineti na obo, ala za muziki za kupuliza za Ulaya. Ukiutupa ziwani unazama kama jiwe. Unang'aa bila rangi yoyote, lakini kiko kizima cha mpingo kinachosha meno, tena hupasuka usipokaushwa taratibu. Siku hizi nautumia kwa pete tu, pale shina linapokutana na mdomo wa kiko, kile kipande kinachoshikwa kwa meno.

Wenzetu wa Ulaya wana mzizi wa Erica arborea, kichaka cha nchi za Mediterania, ambao huchemshwa saa nyingi na kukaushwa miezi na miezi kabla ya kuchongwa, na hauungui upesi. Sisi tusio nao tunajenga tabaka la mkaa ndani ya bakuli. Baba mkwe wangu wa Ukerewe, ambaye ndiye mkaguzi wangu (mimi mwenyewe sivuti), hupaka asali kidogo kwa ndani, kisha siku za mwanzo anajaza nusu tu. "Mkwe, hiki hakinichomi ulimi," aliniambia kuhusu cha mninga. Kile cha mpingo alikirudisha bila maelezo.

Sasa lawama. Vipande wanavyouza wenyewe, ukiuliza, vyote "vimekauka." Nilinunua cha mninga kwa shilingi 3,000, nikakipima kwenye mizani ya duka la jirani, nikapaka nta ya nyuki ncha zote mbili na kukiweka chini ya kitanda. Nilipokipima tena masika yalipoisha, uzito ulikuwa umeshuka waziwazi. Kwa hiyo nunua, ila usichonge siku hiyo hiyo. Halafu wana mkono mwepesi wa vanishi. Kiko cha rafiki yangu walikipaka bila kuulizwa, na moto ulipokolea kikatoka malengelenge. Vanishi inaziba mti usipumue. Nta inatosha kabisa. Waambie mapema, na urudie kuwaambia wakati wa kuondoka.

Midomo hawatengenezi. Ya kwangu natoa kwenye ncha ya pembe ya ng'ombe, pale isipo na uwazi. Inanuka vibaya ukiipiga tupa, ndiyo maana mke wangu amenihamishia uani, lakini ikichemshwa inalainika na kukubali kukunjwa.

Kutoboa na kukereza wananitoza 8,000, bei ya haki. Jumamosi wanabanwa na oda za vitanda. Nenda katikati ya wiki, asubuhi, kabla umeme haujaanza vituko. Na beba biti yako, maana ile ndefu ya milimita 4 waliyonayo imeshaanza kulika.