Lubugo ya kuchorea: nimekaa nayo mwezi mzima

Nimeitumia hii lubugo, kitambaa cha gome la mti cha Waganda, mwezi mzima ndio sasa naandika, sikutaka kuisifia kabla sijaipaka rangi. Nilinunua Kampala kwa mzee mmoja, kipande cha kutosha mtu kulalia, nikamwambia ukweli ni ya kuchora picha. Akanyamaza kidogo. Halafu kwa Kiswahili chake cha kuunga unga akaniambia mjukuu wangu, hii sisi tunazikia watu. Akaikunja polepole akanipa.

Aliyenifanya niitafute ni mchoraji Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi 1984, akasomea sanaa Slade na Royal Academy kule London. Yeye aliikuta hapa hapa Nairobi kwenye vitu vya watalii, imekatwa vijitambaa vya mezani, na hilo huniuma kila nikilikumbuka, nguo ya msiba ya Buganda imegeuzwa ya kuwekea sahani!

Ni gome la mutuba, mti wa jamii ya mkuyu. Linabanduliwa mti ukiwa hai, shina linafungwa majani ya migomba lisikauke na gome linaota tena, halafu lile lililotolewa linapondwa kwa nyundo za mbao mpaka linatanuka. Haina uzi kama kanvasi, kwa hiyo ukiiwamba kwa fremu vuta pole pole, yangu ilichanika pembeni pale nilipopiga stepla kwa haraka. Praima, ile rangi ya msingi, ya kwanza ilinywewa yote kama maji kwa mchanga, ya pili pia, ya tatu ndio ikashika.

Sasa mashimo na mishono iliyomo kwenye lubugo yenyewe. Nilikuwa namchora nyanya yangu ameketi mlangoni, na mshono mmoja mnene ukapita katikati ya shavu lake. Nikaujaza rangi, ikawa kama kidonda kimepakwa poda. Siku ya nne nikakwangua yote nikamgeuza uso kidogo tu, mshono ukashuka ukawa mstari wa taya, na hapo kwa mara ya kwanza nikamuona ni yeye kabisa, vile hukaza meno akisikiliza mtu anayedanganya.

Nikaelewa kwa nini picha za Armitage zimejaa vitu vingi na bado zinashikana. Ile Fourth Estate, watu wamejazana juu ya mti, imetoka kwa mkutano wa siasa Uhuru Park 2017 alipoenda na watu wa TV, na ndani yake yupo Goya, mchoraji wa zamani wa Uhispania, na watu wake wa kwenye tawi. Lakini pia kisanaa amelelewa na wachoraji wa huku Afrika Mashariki, kina Meek Gichugu na Jak Katarikawe, na 2021 alipopewa kumbi za Royal Academy kwa maonyesho yake aliingia na picha zao, pamoja na za Theresa Musoke na Sane Wadu. Hiyo heshima kwa wazee mimi naipenda kuliko hata rangi zake.

Kama unachora vitu vidogo vidogo vya kunyooka, usinunue, utateseka. Kama unachora watu, nunua. Mimi Disemba narudi kwa yule mzee kuchukua vipande viwili, na nyanya nitamuonyesha kwa simu.