Diski za Tamthilia za Anga za Zamani: Kasha Lipi Lina Nyongeza za Kweli?

Sehemu zenyewe zimejaa mtandaoni. Star Trek ya kina Kirk na Spock, The Twilight Zone, Doctor Who ya Tom Baker: ukiwa na bando na kadi ya kulipia, unazitazama hata ukiwa umekwama kwenye foleni ya magari. Kwa hiyo anayetoa hela leo kununua kasha la Blu-ray la tamthilia ya miaka 50 au 60 iliyopita hanunui hadithi. Ananunua yale yanayokuja nayo: picha ambazo hazikurushwa, muziki uliotenganishwa na maneno, sauti ya mwandishi akieleza alichokusudia. Mtandaoni vitu hivyo ni nadra, na kwenye diski za kuchoma ndiyo usahau kabisa, maana anayebana misimu mitatu kwenye diski moja huanza kwa kutupa nyongeza.

Kila kasha limeandikwa mgongoni kwamba lina masaa ya nyongeza. Masaa si hoja. Kuna nyongeza iliyotoka ghalani, yaani kitu kilichokuwepo siku tamthilia inatengenezwa, na kuna ile iliyopigwa juzi ili kujaza diski: waigizaji watano, kila mmoja peke yake mbele ya pazia jeusi, wakisifiana kwa dakika 12. Ya kwanza nailipia. Ya pili naihesabu sifuri, isipokuwa mzungumzaji akiwa na la kusema. Mpangilio wangu umefuata kipimo hicho, si utamu wa tamthilia. Tungepanga kwa utamu, The Prisoner isingekaa chini ilipokaa.

Kwanza deki yako

Diski nyingi hufungwa kwa kanda, yaani eneo la dunia: ya eneo moja inaweza kukataa deki ya eneo lingine. DVD za Marekani na Kanada ni kanda namba 1. Ulaya, Japani, nchi za Ghuba na Afrika Kusini ni namba 2. Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo na majirani tumewekwa namba 5 pamoja na Urusi na India. Hilo halitusumbui sana, kwa kuwa deki nyingi za DVD za bei nafuu hazijali namba. Blu-ray ndiyo ya kuangalia: Afrika, Ulaya na Ghuba ziko pamoja kwenye herufi B, Marekani ni A. Kasha la Uingereza litacheza kwenye deki iliyonunuliwa Nairobi au Muscat. La Marekani linaweza kukuonyesha onyo jeusi na kugoma. Diski za 4K hazina kufuli hilo.

Ndugu zetu walioko Minneapolis au Toronto wana shida ya kinyume, tena ya kuudhi zaidi. Hata diski isiyo na kufuli inaweza kucheza sehemu yenyewe vizuri kisha ikagoma kwenye nyongeza, kwa sababu nyongeza nyingi za Uingereza ziko katika mfumo wa picha wa huko, ambao deki nyingi za Marekani hazikuundwa kuusoma. Unalipia kasha kwa ajili ya nyongeza, na nyongeza ndizo zisizofunguka. Nunua deki ya kanda zote kwanza, au subiri toleo la Marekani.

Nafasi ya kwanza: Doctor Who, mfululizo wa The Collection

BBC ilianza kutoa makasha haya mwaka 2018, msimu mmoja kwa kasha, na sijaona watu wengine waliolichukulia ghala lao kwa uzito kiasi hiki. Picha yenyewe haitakushtua. Matukio mengi ya studio ya Doctor Who yalirekodiwa kwenye kanda ya video, na kanda hiyo haina ubora wa HD hata uisuguwe vipi. Hadithi iliyoponea ni Spearhead from Space ya 1970, ambayo kwa sababu ya mgomo ndani ya BBC ilipigwa yote kwa filamu ya milimita 16, na ndiyo maana inang'aa kuliko wenzake. Zilizobaki unazinunua kwa ajili ya kilichomo pembeni.

Kwenye baadhi ya misimu kuna kanda ghafi za studio, na hapo ndipo pa kukaa. Inaanza saa ya kuhesabu sekunde, mtu anatangaza namba ya tukio, kisha kimya. Waigizaji wamesimama kwenye alama zao wakisubiri. Wanaanza, mlango wa chombo cha anga unakwama, wote wanacheka, saa inarudi tena. Baada ya nusu saa ya namna hii unaelewa kwa nini tamthilia iko ilivyo: studio ilikuwa na saa ya kufungwa, na kosa dogo lilirushwa hewani kwa sababu hakukuwa na muda wa kurudia. Mahojiano kumi hayawezi kukueleza hilo.

Kuna pia maandishi ya taarifa yanayopita chini ya picha huku sehemu ikiendelea (nani aliandika upya tukio hili, lilirekodiwa wapi na lini), mahojiano marefu yanayoendeshwa na mwanahabari Matthew Sweet, na nyaraka za uzalishaji zilizopigwa picha kurasa kwa kurasa. Nyaraka hizo hazifunguki kwenye deki. Unahitaji kompyuta yenye kisomeo cha Blu-ray, na wauzaji hawakuambii. Behind the Sofa, ambamo waigizaji wa zamani wanakaa kwenye kochi na kutazama kazi zao, ni ya juzi kwa kipimo changu, lakini naikubali: wanasahau, wanabishana, wanajicheka.

Pa kuanzia ni msimu wa 12, wa kwanza wa Tom Baker, wenye Genesis of the Daleks ya 1975. Matoleo yenye kasha la kifahari huisha upesi na kuangukia mikononi mwa walanguzi. Usihangaike nayo, subiri toleo la kawaida, nyongeza ni zilezile.

Doctor Who inatufundisha pia kutonunua kwa pupa. BBC ilifuta na kutupa sehemu nyingi za miaka ya 1960. Mwaka 2013 zilitangazwa 9 zilizopatikana katika kituo cha televisheni cha Jos, Nigeria, alikozikuta Philip Morris, msakaji wa filamu zilizopotea: tano za The Enemy of the World na nne za The Web of Fear. DVD ya The Enemy of the World ilitoka mwaka huohuo, mbiombio, karibu tupu. Mwaka 2018 ikatoka upya ikiwa na simulizi ya namna sehemu zilivyosakwa na kupatikana. Aliyenunua ya kwanza alinunua mara mbili. Ukiona toleo limetoka wiki chache baada ya habari kubwa, tulia.

Nafasi ya pili: The Twilight Zone, Blu-ray za 2010 na 2011

Misimu mitano, sehemu 156, kuanzia 1959 hadi 1964, na mwandishi Rod Serling alifariki 1975, kabla mtu yeyote hajafikiria nyongeza za diski. Ilibidi waliotengeneza makasha haya waende ghalani, na walikwenda. Utamkuta Serling akijaribu kuwauzia wadhamini tamthilia ambayo bado haijarushwa, kwa tabasamu la mtu anayejua kwamba bila fedha zao hakuna kitu. Msimu wa kwanza una The Time Element, hadithi yake ya 1958 iliyorushwa katika kipindi kingine na ambayo mapokezi yake ndiyo yaliyoifungulia njia The Twilight Zone. Yamo pia mahojiano ya sauti ambayo Marc Scott Zicree, mtafiti wa tamthilia hii, aliyafanya miaka ya 1970 na mafundi waliokuwa bado hai, akiwemo mpiga picha George T. Clemens.

Kuhusu maelezo ya sauti: sisi tuliokulia vibanda vya video tumezoea mtu kuongea juu ya picha, Lufufu huku, DJ Afro kule. Hapa anayeongea hatafsiri wala hachangamshi ukumbi. Ni mtu aliyekuwepo au aliyeisomea kazi hiyo miaka mingi. Ya Zicree ni mazuri kwa sababu anajua hati iliyoandikwa ilitofautiana wapi na iliyopigwa.

Ila dhahabu ya kasha hili ni muziki uliotenganishwa. Chukua The Invaders, ya msimu wa pili. Mwigizaji Agnes Moorehead yuko peke yake kwenye kibanda cha shamba, hasemi neno. Itazame mara ya kwanza kawaida, kisha washa njia ya muziki pekee na usikilize mtunzi Jerry Goldsmith anavyofanya kazi ya maneno yote yaliyokosekana.

Tahadhari moja: kuna toleo la DVD lenye sehemu tu, bila nyongeza yoyote, na kasha lake linavutia. Soma mgongo wa kasha mpaka mwisho.

Nafasi ya tatu, na hapa kuna mabishano: Star Trek

Watu wengi wangeiweka kwanza. Kwa wingi wa vitu, huenda wana haki. Lakini Star Trek imehojiwa mno. Visa vilevile vimesimuliwa na watu walewale tangu enzi za VHS, na unaponunua kasha jipya unarudishiwa kwa nguo mpya.

Kinachoiokoa ile ya 1966 hadi 1969 ni mambo mawili. Blu-ray za 2009 zinakuruhusu kuruka, ukiwa katikati ya sehemu, kati ya picha za vyombo vya anga za zamani na zile mpya za kompyuta. Fanya hivyo kwenye tukio lolote la vita na utajua mwenyewe upo upande gani (mimi nipo na mfano wa mbao na taa zake, waungwana). La pili ni filamu za nyumbani za Billy Blackburn, mwigizaji wa nyuma ambaye hakuna aliyemjali, aliyekuja kazini na kamera yake ndogo ya milimita 8. Anawaonyesha watu wakipumzika, wakipakwa rangi, wakisubiri taa. Hiyo ndiyo nyongeza. Kasha la msimu wa tatu lina pia The Cage, jaribio la kwanza lililokataliwa na NBC, kituo cha televisheni cha Marekani.

Ukitaka kitu kimoja tu, tafuta The Roddenberry Vault ya 2016: sehemu 12, pamoja na vipande vya filamu vilivyokatwa na kuhifadhiwa kwenye makopo kwa miongo. Msomaji wa Kiswahili ana raha yake ya ziada kwenye makasha ya misimu kamili. Katika The Man Trap, sehemu ya kwanza kabisa kurushwa, kiumbe kinajigeuza mwanamume mweusi na kumsemesha Uhura, afisa wa mawasiliano wa chombo, kwa Kiswahili. Na katika The Changeling, Uhura aliyefutwa kumbukumbu anarudi kwenye Kiswahili wakati anafundishwa kusoma upya. Lafudhi usiulize.

The Next Generation, 1987 hadi 1994, ni habari nyingine. Ilipigwa kwa filamu ya milimita 35 lakini ikahaririwa kwenye video, kwa hiyo kwa ajili ya Blu-ray za 2012 hadi 2014 ilibidi wafungue masanduku ya filamu asilia na kuihariri upya sehemu zote, tukio kwa tukio. Makala inayoeleza kazi hiyo kwenye msimu wa kwanza inastahili bei yake. Msimu wa pili una The Measure of a Man katika toleo refu, zaidi ya dakika 10 za ziada, kesi ya mahakamani kuhusu kama Data, roboti mwenye umbo la mtu, ni mtu au mali. Ukinunua msimu mmoja, nunua huo. Star Trek zilizofuata, Deep Space Nine na Voyager, hazikufanyiwa hivyo na zimebaki kwenye DVD.

Baada ya hapo

The Prisoner ya 1967, sehemu 17 tu, ina uhariri wa mwanzo wa sehemu ya kwanza, na kuulinganisha na uliorushwa ni somo zuri la uhariri. Iko hapa chini kwa sababu ya upatikanaji: Network, kampuni ya Uingereza iliyotoa kasha bora la tamthilia hii, ilifungwa 2023, na kilichobaki sokoni kinapanda bei. Space: 1999 ilitolewa na kampuni hiyohiyo, lakini Shout! Factory ya Marekani ilitoa kasha lake 2019, kwa wenye deki ya herufi A.

The Outer Limits ya kampuni ya Kino Lorber, 2018, haina mengi zaidi ya maelezo ya sauti, ila ni ya wasomi wa kweli, na DVD za awali hazikuwa na kitu. Lost in Space ya 2015 naitaja kwa jambo moja: waigizaji waliobaki wanasoma mezani hitimisho ambalo Bill Mumy, mtoto wa tamthilia ile, aliliandika mwenyewe, kwa kuwa mwaka 1968 ilikatishwa bila mwisho.

Ya mwisho kwenye orodha ni Babylon 5 ya Blu-ray, Desemba 2023. Picha imesafishwa kuliko wakati wowote, na nyongeza zimeachwa. Maelezo ya sauti ya J. Michael Straczynski, aliyeandika sehemu kubwa ya tamthilia peke yake, yako kwenye DVD za zamani. Watu wanaziuza kwa bei ya kutupa kwa sababu wamepata Blu-ray. Zichukue, ila kabla ya kulipa mwambie muuzaji akupigie picha ya diski zenyewe zikiwa wazi: kila msimu una 6.