Sponji ya sanduku la kamera: nimeacha ya kunyofoa nikahamia ngumu ya kukata mwenyewe

Naandika baada ya kutumia sponji aina mbili ndani ya sanduku lile lile, ya kwanza miaka miwili, ya pili inaingia mwezi wa nane sasa, kwa hiyo naongea kitu nilichokishika kwa mikono. Sanduku lenyewe ni lile gumu la plastiki lenye mpira wa kuzuia maji kuzunguka mfuniko, na sina ugomvi nalo kabisa, limeshaanguka kwenye ngazi, limelaliwa na mizigo ya watu, limenyeshewa, na halijapasuka popote. Shida ilikuwa ndani. Wengi wetu tukinunua boksi tunaangalia ganda, sponji tunaichukua hivyo hivyo ilivyokuja, wakati kazi ya kupokea kishindo kisifike kwenye kamera ni ya sponji.

Ile ya kwanza ni sponji ya kunyofoa, laini, nyeusi, imeshachanjwa tayari vipande vidogo vya mraba, unaweka kamera juu yake, unapima kwa macho, unanyofoa vipande mpaka shimo linapata umbo. Nusu saa umemaliza, kisu hukigusi. Kwa kitu chepesi kama maikrofoni au droni ndogo bado naisifu tena sana, maana inabonyea taratibu. Lakini mimi nabeba kamera mbili, lenzi nne, na moja kati ya hizo lenzi ni ndefu na nzito kweli kweli. Nilipokosea ni kwenye kuta, kati ya lenzi na lenzi niliacha mstari mmoja tu wa vipande ili vitu vingi viingie. Kila nikitoa lenzi ule ukuta unasuguliwa, vipande vikaanza kuachana chini kwenye shina, ukuta ukaegemea upande mmoja, mimi naurudisha kwa kidole nafunga naenda zangu. Siku moja nimesafiri barabara mbovu, nafungua, lenzi mbili zimelala zimegusana. Ile ndefu pete yake ya fokasi imebonyea, ukiizungusha inaenda vizuri alafu inafika mahali inakwaruza kama ina mchanga ndani. Iliniuma sana jamani, na inaniuma mpaka leo nikiizungusha.

Kama unayo hii ya kunyofoa acha angalau mistari miwili ya vipande kati ya kitu na kitu, na mitatu kwa vizito, alafu paka gundi chini kwenye shina la zile kuta kabla hazijaanza kulegea. Na ujue umri wake, hizi sponji laini nyingi ni poliyurethani, aina ya plastiki, joto na unyevu vinaila polepole, mwisho inaanza kunata au kumung'unyuka unga. Yangu ilikuwa imeshaanza kuacha vumbi jeusi kwenye vioo vya lenzi, ukiibinya pembeni inabaki na alama ya kidole. Ikifika hapo itoe, usiionee huruma.

Ya pili ni sponji ngumu ya poliethilini, plastiki ya aina nyingine, vitundu vyake vimefungwa kila kimoja na hewa yake, haifyonzi maji. Nilinunua mbao zake za unene wa milimita 25, sikutaka ubao mmoja mnene, na sababu nitaieleza chini. Ila hapa kwenye kuchagua kuna kosa nataka nilizuie, usidhani ngumu zaidi ndiyo salama zaidi. Sponji inalinda kwa kubonyea. Kitu chepesi ukikikalisha kwenye sponji ngumu mno hakina uzito wa kuibonyeza, kishindo kinapita moja kwa moja kama umekiweka juu ya meza, na kitu kizito kwenye sponji laini kinazama mpaka kinagonga sakafu ya boksi. Kwa hiyo angalia uzito wa kifaa na ukubwa wa sehemu inayolala kwenye sponji. Mimi nimechanganya, lenzi na kamera zimekaa kwenye ngumu, maikrofoni nimezikatia kipande cha laini nikakitumbukiza ndani ya shimo la ngumu, na kwenye mfuniko nimeacha ile laini yenye matuta kama trei ya mayai. Kama unabeba sakiti zilizo wazi, zisizo na kasha, hapo tafuta sponji ya kuzuia umeme tuli, ya kawaida haifai.

Sasa kukata, hapa ndipo nimejifunza mengi. Siku ya kwanza sikukata chochote. Nilipanga vifaa vyote juu ya karatasi yenye ukubwa wa ndani ya boksi, nikavihamisha hamisha mpaka vizito vikakaa karibu na katikati na upande wa mpini, nikachora kila kimoja kwa penseli iliyosimama wima, nikaacha sentimita 3 kutoka ukingoni na sentimita 2.5 kati ya kitu na kitu. Ile karatasi nikaikata, vifaa nikavipitisha kwenye matundu yake. Viwili havikupita. Ningekuwa nimeshakata sponji ningelia, karatasi nikachora nyingine basi.

Kisu nilichotumia ni kile cha wembe wa kuvunjika vipande, mpana, milimita 18. Wembe mpya, na nikawa navunja ncha kila baada ya mashimo mawili hivi, kwa koleo, miwani usoni, vipande vyote ndani ya kopo lenye mfuniko. Watu wanaogopa wembe mkali lakini butu ndio unaokata vidole, kwa sababu unausukuma kwa nguvu na ukiachia unaruka. Unapita mara ya kwanza juu juu tu kufuata mstari, ya pili unaingia zaidi, ya tatu au ya nne unatokeza upande wa chini wa sponji. Usishindilie. Nilijaribu kipande kimoja cha majaribio kwa mkono mmoja mzito, wembe ukapinda ndani bila mimi kuona, juu mstari umenyooka vizuri kabisa, nageuza chini shimo limehama karibu sentimita nzima. Wembe ukitokeza mrefu unapinda, na ndiyo maana nilitaka mbao nyembamba za kupanga moja juu ya nyingine, kila moja naikata mpaka chini, alafu nabandika ubao mzima chini kabisa uwe sakafu. Huko kuchimba shimo nusu na kusawazisha chini yake kwa mkono sijaona aliyefanya likatoka safi.

Rula iwe ya chuma. Mkono unaoshika rula uko nyuma ya wembe, hauko mbele yake, na unakata kwenye meza, sio mapajani. Mara moja wembe ulipanda juu ya rula ukaja kwenye kidole gumba, glovu ya kuzuia kukatwa ikaupokea, ikabaki mchoro mweupe kwenye kitambaa na ngozi nzima. Hiyo glovu inazuia mkato, ncha ikija kwa kuchoma inapita, kwa hiyo isikupe ujasiri wa kuweka mkono njiani. Mashimo ya duara nilitumia bomba la chuma lililonolewa mdomo, unalizungusha huku unalikandamiza kidogo kidogo, yanatoka mazuri kuliko kisu.

Waya uliopashwa moto unakata poliethilini vizuri sana, lakini ufanyie nje au penye hewa ya kutosha. Poliyurethani usiikaribishe kwenye moto kabisa, ikiungua inatoa kaboni monoksaidi na haidrojeni sianaidi, hewa za kuua mtu. Ile laini ikate kwa kisu kirefu cha meno au kile cha umeme cha jikoni.

Kipimo, kwenye ngumu nilikata ndani ya mstari kwa milimita 1, kwenye laini milimita 3, ili kitu kishikwe bila kubanwa. Na usisahau nafasi za vidole pembeni ya kila shimo, mimi nilisahau kwenye flashi, ikawa kila nikiitoa naivuta kwa kichwa chake mpaka nikarudi kukata hiyo nafasi. Gundi ya kupuliza ijaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa maana nyingine zinaila sponji, puliza nje mbali na moto, alafu acha boksi wazi usiku mzima kabla ya kurudisha vifaa, ule mvuke usifungiwe na lenzi.

Mfuniko ukifunga usitumie nguvu, ukiona unabinya na goti ujue kuna kitu kinaminywa, na mara nyingi ni kioo cha nyuma cha kamera. Betri za akiba zina mashimo yake, vichwa vimefunikwa, na nikisafiri kwa ndege nazitoa kabisa naingia nazo ndani, hazikai kwenye mzigo unaopelekwa chini.

Karibu miezi minane, kuta zote zimesimama, hakuna vumbi. Uzito umeongezeka kidogo na nafasi imepungua, lenzi moja fupi imehamia kwenye begi la mgongoni. Ile ndefu yenye kibonyeo nimeiweka kona ya upande wa mpini, ukuta wa sentimita 4 kila upande, haigusani na kitu chochote.