Wing Chun ya Foshan: nilichopata, na pale ilipogota

Nimesoma Wing Chun, mchezo wa kujihami wa Kichina wa kupigana kwa karibu, mjini Foshan, kusini mwa China, kwenye darasa dogo la jioni, kipindi nilichokuwa naishi Guangzhou kwa shughuli za mizigo. Kabla ya hapo nilicheza ngumi Dar es Salaam. Sikuwa bondia wa kulipwa, ila nilicheza kiasi cha kujua konde la mtu aliyedhamiria linakujaje. Namwandikia anayejiuliza kama akilipa ada ya mchezo huu ataweza kujitetea. Kwangu jibu ni ndiyo, kwa umbali wa kukabana tu, na kwa sharti moja ambalo madarasa mengi hayalitimizi: kupigana kwa kweli mazoezini.

Kufika ni rahisi. Treni ya chini ya ardhi inaunganisha Guangzhou na Foshan, na kituo cha Zumiao kiko jirani na hekalu la kale ambalo ndani yake kuna ukumbi wa kumbukumbu ya Ip Man, mwalimu maarufu wa Wing Chun. Mzee huyu alizaliwa Foshan mwaka 1893, akahamia Hong Kong mwaka 1949, na mwaka uliofuata akaanza kufundisha kwenye chama cha wafanyakazi wa mikahawa. Bruce Lee alipita mikononi mwake. Naligusia hilo kwa sababu wengi wetu tunaingia mlangoni tukiwa na picha ya sinema kichwani, na darasani hakuna sinema.

Kuna kusimama. Magoti yameingia ndani, nyonga imekazwa, ngumi mbili ziko ubavuni, na mwalimu anapita nyuma yako akikugusa kiwiko kila kinapotoka nje ya mstari wa katikati ya kifua. Hiyo ndiyo Siu Nim Tau, fomu ya kwanza kati ya tatu za mikono, na unaifanya polepole mpaka mapaja yanawaka. Aliyezoea kuruka kamba na kupiga begi ataona anapotezewa muda. Hapotezewi. Kiwiko kikishajua kukaa chini, ngumi ya Wing Chun, ile ya kusimamisha konde wima na kupiga kwa vifundo vitatu vya chini, inatoka kifuani moja kwa moja bila kuvutwa nyuma kwanza. Mkiwa mmekaribiana kiasi kwamba bondia hana nafasi ya kuzungusha hukku, ngumi ya kuja pembeni, wewe bado unayo nafasi ya kupiga.

Kitu kilichonishika kweli ni chi sao, zoezi la mikono inayonatana. Mnasimama uso kwa uso, vigasha vimegusana, mikono inazunguka. Mwenzako akikandamiza, unaachia na kupita. Akiachia, unaingia. Kaka mmoja wa darasa, sihing kama wanavyomwita aliyekutangulia, alikuwa akifumba macho kabisa. Kila nilipovuta mkono kujiandaa kupiga, kiganja chake kilikuwa tayari kifuani kwangu. Hakuwa na nguvu kunizidi. Alikuwa anasoma uzito wa mkono wangu kupitia ngozi, kabla mimi mwenyewe sijaamua vizuri la kufanya. Uwezo huo unajengeka, na kwenye ngumi sikuwahi kufundishwa chochote kinachoukaribia.

Baada ya hapo unapewa sanamu la mbao, lenye mikono mitatu na mguu mmoja. Kwenye ukoo wa mafunzo wa Ip Man mfululizo wake una miondoko 116. Vigasha vitauma na kuvimba, utapakwa dawa nyeusi yenye harufu kali ya mitishamba, kesho yake utarudi.

Sasa ufanisi. Nilikuwa nikienda pia kwenye ukumbi wa sanda Guangzhou, ule mchezo wa Kichina wa ngumi, mateke na kuangushana, na huko nilijaribu kila nilichofundishwa. Tatizo la kwanza lilijitokeza mapema. Chi sao inataka mkono wa adui ukae pale ili uushike, na mpiganaji wa sanda hakuachii mkono. Anapiga na kurudisha papo hapo, mara yuko mbali. Glavu nene nazo zinaua ile hisia ya ngozi. Tatizo la pili ni miguu. Ule msimamo wa magoti ndani ukipigwa teke la paja unayumba, na mtu akiinama kukukumbatia miguu, hakuna jibu lolote kwenye fomu ya kwanza. Kichwa kisichokwepa, kinachotegemea mikono tu kukilinda, kinakula makonde mengi.

Hayo hayakunishangaza. Mwezi Machi 2018 Xu Xiaodong, mpiganaji wa mapigano mchanganyiko (MMA) wa China, alipambana na Ding Hao wa Wing Chun, akamwangusha mara kadhaa. Mwisho refa akatangaza sare. Mpambano ule ulizua kelele nyingi, lakini kwa macho yangu jambo lililoonekana ni dogo na wazi: mmoja amezoea kupigwa, mwenzake hajazoea. Wing Chun yenyewe haikuwa hivyo zamani. Hong Kong ya miaka ya 1950, Wong Shun Leung, mwanafunzi wa Ip Man aliyekuwa ameshacheza ndondi, alijijengea jina kwa kupambana na watu wa mitindo mingine kwenye mapaa ya majengo na vyumba vilivyofungwa. Mbinu iliyomfelisha aliiacha, iliyomsaidia akaichonga.

Kwa hiyo ukisikia mwalimu anasema hawapigani mazoezini kwa sababu mbinu zao ni za hatari mno, vidole vya macho na koo, beba begi lako uondoke. Nilikutana na mmoja wa namna hiyo kabla ya kupata darasa langu. Vidole vya macho vinamtaka mtu anayeweza kumfikia adui anayesogea, na kumfikia adui anayesogea hakufundishwi kwa kupiga hewa.

Mahali ilipofanya kazi napakumbuka vizuri. Kwenye stoo ya mizigo, jamaa aliyelewa alinikwida kola kwa mikono miwili, akinisukumia kwenye rafu. Nafasi ya kurusha ngumi ya bondia haikuwepo, na sikutaka kumuumiza. Mkono wangu mmoja ulikandamiza vigasha vyake vyote viwili chini, wa pili ukamvuta kiwiko kwa pembeni, akageuka akanipa bega, nikamsukuma hadi ukutani na wenzangu wakamshika. Lilikwisha kabla sijapandwa na hasira. Ile ni pak sao na lap sao, mkono wa kubamiza na mkono wa kuvuta, mambo ya mwezi wa kwanza, ila nilikuwa nimeyarudia na watu wanaokataa kuvutwa.

Hata kwenye sanda, faida ilikuja kwenye kumbatio. Wenzangu walipojibana nami kupumzika, mimi ndiye niliyekuwa na mikono ya ndani, na nilipiga makonde mafupi tumboni ambayo hawakuyaona yakitoka. Pia teke la chini kwenye goko, lisilopanda juu ya goti, linamsimamisha mtu anayekuja mbio. Hayo mawili nimebaki nayo mpaka leo.

Kuhusu huduma, ada ilikuwa ya kulipika, inatumwa kwa WeChat kila mwezi. Mwalimu hakujua Kiingereza, alifundisha kwa mikono, na kwa mchezo huu inatosha. Alinipokea kwa heshima, nami nilimwita sifu, yaani mwalimu, kama wengine. Kilichopungua ni glavu. Tuliomba siku moja ya wiki tupigane kwa kweli na kinga za kichwa, akakubali baada ya kusitasita, na tofauti ilionekana kwa kila mmoja. Waliokuwa wazuri sana kwenye chi sao walianza kufumba macho ngumi zikija, wakajirekebisha taratibu.

Ukienda kuangalia darasa, usiishie kutazama fomu. Kaa mpaka mwisho, umwombe mwalimu mwanafunzi mmoja wa muda mrefu avae glavu, na mwingine amrushie ngumi asizozijua. Kwa mwenye muda wa jioni mbili kwa wiki, ningemshauri moja aitumie kwa Wing Chun na moja kwa ndondi au sanda. Kwa mwenye jioni moja tu, aanze na ndondi.