ogr2ogr: inatii kupita kiasi

Ninapima ardhi na kuandaa mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji mkoani Morogoro. Watu hudhani kazi hii ni kutembea na mashine porini, kumbe muda mwingi unaishia kwenye faili za watu wengine. Mhandisi wa barabara analeta DXF, faili la mchoro wa kompyuta. Afisa mradi anatuma KMZ kwa WhatsApp, mipaka ameichora Google Earth kwa jicho. Ofisi nyingine inakupa shepufaili (fomati ya zamani ya data za ramani) kwenye flashi, ndani ya folda iitwayo "mwisho kabisa 2". Vijana wa uwandani wanarudi na GPX, faili la nukta za GPS. Na wote hao wanataka kuona vitu vyao kwenye ramani moja, tena kesho asubuhi.

Chombo kinachoniokoa ni ogr2ogr. Ni programu ndogo ya kugeuza faili za ramani kutoka fomati moja kwenda nyingine, iliyomo ndani ya GDAL, mradi wa programu huria ulioanzishwa na Frank Warmerdam mwaka 1998. Ni bure kabisa, na ukiwa na QGIS, programu ya kutengeneza ramani, kwenye kompyuta yako tayari unayo, maana QGIS yenyewe husoma na kuandika faili nyingi kwa kupitia GDAL. Usitafute dirisha wala kitufe. Unafungua terminali, unaandika:

ogr2ogr viwanja.gpkg viwanja.shp -s_srs EPSG:21037 -t_srs EPSG:32737

Yaani: chukua shepufaili ya viwanja iliyo kwenye mfumo wa kodineti wa Arc 1960, kanda ya 37 Kusini (kanda ni kipande cha ramani chenye upana wa nyuzi sita), ihamishie mfumo wa WGS 84 wa kanda hiyohiyo, kisha uiweke kwenye faili la fomati ya GeoPackage. Namba za EPSG ndizo zinazotaja mifumo hiyo. Umeona faili unayotaka kupata inatangulia, ile uliyonayo inafuata? Mpangilio huo wa kinyumenyume umewatoa jasho watu wengi. Toleo la 3.11 la mwaka 2025 limeleta amri mpya, gdal vector convert, ambayo inaanza na chanzo. Mimi vidole vimeshazoea ya zamani.

Kwa kasi sina la kulalamika. Folda nzima ya kata, kila kijiji na shepufaili yake, naiandikia kitanzi kifupi cha amri chenye -append (ongeza kwenye faili lililopo) na -nln (jina la jedwali), na vyote vinaingia kwenye jedwali moja la GeoPackage kabla chai haijapoa. Kazi hiyo kwa kubofya-bofya ingekula mchana wote.

Sasa twende kwenye moyo wa mambo, yaani datamu, msingi ambao kodineti zinapimiwa. Ramani nyingi za zamani za Tanzania na Kenya ziko kwenye Arc 1960. Simu yako, GPS ya mkononi isipobadilishwa mpangilio, na Google Earth, vyote ni WGS 84. Namba za mifumo hii miwili zinafanana sura kiasi kwamba huwezi kushtuka ukizitazama, lakini ukichukua kodineti za Arc 1960 ukazisoma kama WGS 84, kiwanja kinahama takriban mita 300 kwenda kaskazini. Mita mia tatu kijijini ni shamba la mtu mwingine, pengine ukoo mwingine.

ogr2ogr inajua kufanya ubadilishaji huo vizuri. Shida ni kwamba haiulizi. Kuna -t_srs, inayohesabu upya kila nukta, na kuna -a_srs, inayobandika tu lebo mpya bila kugusa namba hata moja. Herufi moja tofauti. Ukibandika lebo ya WGS 84 juu ya namba za Arc 1960, itamaliza kimya kimya bila onyo, na faili litafunguka likiwa safi, limekaa mahali pasipo pake. Nilishapokea mchoro wa namna hiyo kutoka kwa mkandarasi mmoja: barabara yake ilipita katikati ya bwawa. Ndiyo maana DXF ikija mkononi mwangu, swali la kwanza ni datamu na kanda, kabla hata ya kuifungua, kwa sababu DXF kwa kawaida haibebi taarifa hiyo ndani yake.

Na kanda nazo zina lao. Mstari wa nyuzi 36 Mashariki unapita kati ya Dodoma mjini na Kongwa: Dodoma iko kanda ya 36, Kongwa na Morogoro ziko ya 37. Mradi wowote unaofuata barabara kuu kati ya Morogoro na Dodoma unavuka mpaka huo. Kabla ya kugeuza chochote huwa naandika projinfo -s EPSG:21037 -t EPSG:4326, nayo inaniorodheshea njia zilizopo za kutoka Arc 1960 kwenda WGS 84, kila moja na eneo inalofaa na usahihi wake. Ya Tanzania ina vipimo vyake, ya Kenya vyake. Wachache wanaitumia amri hii, na sielewi kwa nini.

Kuhusu fomati zenyewe, nitasema wazi: shepufaili ingestaafu tu. Jina la safu lina kikomo cha herufi 10. Ukiwa na "namba_ya_kiwanja" na "namba_ya_kitalu", ogr2ogr itakupa "namba_ya_k" na "namba_ya_1". Hapo utabishana na karani wa masjala mpaka jioni ipi ni ipi. Kisha kuna ile koma ya juu yetu. Andika Mang'ula kwenye Word, Word yenyewe inaipinda ile alama, na ukihamishia shepufaili bila kuongeza -lco ENCODING=UTF-8 alama hiyo inapotea. Koma iliyonyooka nayo ina visa vyake: kwenye -where, sehemu ya kuchuja data, lazima uiandike mara mbili, la sivyo amri inakatikia njiani. GeoPackage haina matatizo hayo ya majina na herufi, na ni faili moja, si kundi la .shp, .shx, .dbf na .prj ambalo mtu anakutumia nusu yake.

Palipo na udhaifu wa kweli ni DWG, faili la michoro la AutoCAD. Ukitumia GDAL ya kawaida, inasoma DWG ya toleo la 2000 tu. Za karibuni zinakataa. Mwombe mchoraji akuhifadhie DXF, ni sekunde chache kwake. Na KML inayotoka Google Earth mara nyingi imebeba maelezo yote kwenye safu moja ya description, yamejaa vipande vya HTML. ogr2ogr itakuhamishia hilo furushi kama lilivyo. Kulichambua ni juu yako.

Wenzangu wengine hupakia faili kwenye tovuti za kugeuza fomati bure. Kwa ramani ya shule, sawa. Kwa faili lenye majina ya wamiliki na mipaka yao, hapana. ogr2ogr inafanya kila kitu ndani ya kompyuta yako, hata bando likiwa limekata.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nitaitoa siku itakapokataa kubandika lebo bila kuniuliza kwanza.