Ramani na BOQ ya vyumba viwili kutoka mtandaoni: uzoefu wangu

Nimenunua ramani pamoja na BOQ (orodha ya vifaa vya ujenzi na idadi yake) kwenye huduma moja ya mtandaoni hapa Tanzania. Nyumba ni ya mita 9 kwa 8: vyumba viwili, sebule, jiko, choo na bafu. Ramani naipa nyota tano. Jiko na choo vimepakana ukuta mmoja, hivyo bomba za maji safi na maji taka ni fupi na chemba zote zinakaa upande mmoja. BOQ naipa tatu, na ukiinunua ipige hesabu upya kabla hujaagiza kitu.

Anza na msingi, maana ndiko hela inakopotelea. Kuta za nje na za ndani zina jumla ya mita 56. BOQ imetumia tofali 10 kwa mita ya mraba kila mahali. Hiyo ni sawa kwa tofali la inchi 6, lenye sm 45 kwa 22.5, likisimamishwa. Kwenye msingi wangu tofali zinalazwa, na tofali lililolazwa linapandisha kozi (mstari mmoja wa tofali) sm 16 tu pamoja na mota (udongo wa saruji na mchanga), kwa hiyo mita ya mraba inakula karibu 14. Kozi nne ni tofali kama 490. Wao wameandika 360.

Tena wamechukulia kiwanja ni tambarare. Pima usawa mwenyewe kwa mpira uliojazwa maji toka kona hadi kona. Kikishuka mita 1, upande wa chini utadai kozi sita zaidi, wastani kozi tatu kwa nyumba nzima, yaani tofali nyingine 360 hivi. Kifusi cha kujaza ndani nacho kinaongezeka, na kwenye BOQ yangu hakikuwekwa kabisa.

Jamvi (zege la sakafu) wamepatia: unene wa sm 10 ni zege mita za ujazo 7.2, na kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) ni mifuko 45 au 46 ya saruji. Lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) wameandika nondo 19 za mm 12, nne kwa urefu wote wa kuta. Hapo wamesahau maungio; kila nondo ya mita 12 inapoteza angalau sm 60 inapolaliana na nyenzake, na kona zinadai zaidi. Nunua 21.

Paa ndilo kosa kubwa. Wamehesabu bati kwa mita za mraba 72, eneo la sakafu. Paa likitokeza sm 60 nje ya ukuta kila upande, eneo linafika karibu 94, na kwa mteremko wa nyuzi 30 bati linafunika 108. Hapo bado kulaliana kwa bati, kofia (bati za kufunika kilele), na vipande vinavyokatwa mshazari kwenye paa la pande nne, ambavyo vingi havirudi kazini. Mbao za kenchi (fremu za paa) na papi (za kupigilia bati) zinafuata hesabu hiyohiyo, kwa hiyo nazo zimepungua.

Shimo la choo, maji ya kujengea na gharama za kibali cha ujenzi cha halmashauri havimo. Kabla ya kulipa, waulize kama msingi umehesabiwa kwa tofali za kulaza na kama paa limepimwa kwa mteremko, kisha waombe faili la Excel badala ya PDF ili uweke bei za duka la karibu na kiwanja chako.